Usingizi wa Chumba cha Sindano

Mtu akiniuliza vita vilikuwaje Bujumbura, jambo la kwanza kunijia ni usingizi wa mchana. Najua si hilo analotaka. Anataka kusikia risasi, na risasi nilizisikia kama kila mtu, za karibu na za mbali, mpaka masikio yakazichoka. Lakini usingizi ule wa saa nane mchana, katika chumba kilichojaa watu wasiojuana, sijauona tena mahali popote. Nikiufikiria hata sasa, mwili unalegea.

Kilikuwa chumba kirefu katikati ya mji, nyuma ya duka la vitenge. Vitanda vilikuwa vyembamba, vimetengwa kwa mapazia ya kijani yaliyopauka kwa kufuliwa, na dirisha moja kubwa lilitazama upande wa ziwa. Siku nyingine milima ya Kongo ilionekana ng'ambo. Siku nyingine haikuwapo kabisa, ukungu umeifuta, na ungeweza kuapa kwamba dunia inaishia pale kwenye maji. Daktari alikuwa Mchina wa makamo, mwenye mikono mikavu na mwendo usiosikika. Wenzake walipoondoka kwa sababu ya vita, yeye alibaki. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha maumivu. Alijua kusema inachoma, inavuta, inapigapiga, inatembea toka kiunoni mpaka kisiginoni, lakini siku alipotaka kuniuliza nyanya nzuri zinapatikana wapi, alikwama njiani akaishia kunionyesha kwa vidole.

Mimi nilipelekwa pale na kipandauso. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza mtaani kwetu Cibitoke, kaskazini mwa mji, na kila mara, bila kubisha hodi, nusu ya kichwa changu ilikuwa inakamatwa. Jicho la kulia linaanza kuona vimulimuli, maumivu yanafuata, natapika, kisha nalala gizani na kitambaa cha maji usoni huku mama akiwatisha watoto wa jirani wanyamaze. Vidonge vilikuwa vimeshindwa. Mwalimu mwenzangu akaniambia kuna daktari anayechoma sindano zisizo na dawa ndani yake. Nilimcheka. Sindano bila dawa, nikamwambia, si ni kama kukaribishwa kwenye sahani tupu? Nikaenda hata hivyo, maana nilikuwa nimefika mwisho.

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Alifungua pakiti yake mbele ya macho yangu, kwa kuwa sisi sote tulikuwa tunaogopa ukimwi na yeye alilijua hilo kabla hujalisema. Moja aliichoma kati ya kidole gumba na cha shahada, nyingine kwenye paji la uso, nyingine miguuni, ambako mimi sikuona kunahusiana vipi na kichwa. Sikusikia uchungu wa maana. Nilisikia uzito, mzito na mtamu, kama mkono umelala nao umeamua usiamke. Kisha akasema, "Sasa apana tikisika," akavuta pazia akaenda zake.

Hapo ndipo nilipoelewa ajabu ya chumba kile. Miaka ile tulilala na viatu karibu na kitanda. Tulilala sikio moja juu, na hata katika ndoto tulikuwa tunapanga tutatokea mlango gani. Pale huwezi. Una sindano mwilini, na ukitaka kukimbia utakimbia vipi? Mwili ukishaelewa kwamba haukimbii, unajisalimisha. Watu waliokuwa wanatazamana kwa jicho la pembeni barabarani walikoroma kichwa kwa kichwa, wa Musaga na wa Mutakura, mitaa ya pande mbili za vita, na hakuna aliyejua jirani yake anaitwa nani wala ametokea upande gani. Nilizoea kukaa macho dakika chache za mwanzo kwa makusudi, niwasikilize.

Walikuja na mambo ya kila namna. Wapakiaji wa bandarini walileta migongo. Wanawake waliopiga magoti shambani maisha yao yote walileta magoti. Kulikuwa na fundi cherehani ambaye bega lake lilikuwa limegoma kupanda, mjamzito aliyechomwa kwenye kifundo cha mkono ili kichefuchefu kimwache anywe hata uji, na mama mmoja wa kutoka Uvira ambaye hakuumwa popote, alikuwa tu amepoteza usingizi tangu avuke mpaka, na aliukuta pale kitandani ukimngoja. Daktari hakumdanganya mtu. Aliyekuja na homa alimrudisha hospitali akapimwe malaria, na aliyekuja na uvimbe kwenye titi alimfokea kwa upole mpaka akaenda kwa mpasuaji. "Hii sindano iko sindano tu," alikuwa anasema. "Maumivu fulani inasikia. Ingine haisikie." Kipandauso changu kilisikia kiasi. Hakikuisha, lakini kilianza kuja mara chache, na kikija kilikuwa kama mgeni aliyechoka.

Kila Alhamisi, siku yangu, alikuwapo pia mzee mmoja wa Musaga mwenye mgongo mbovu, anayetembea na fimbo, na mwanawe aliyemsindikiza. Mzee akishalala kifudifudi, kijana alikaa kwenye benchi la nje akiwa ameshika viatu vya baba yake mkononi, utadhani mji mzima unavivizia. Nilimcheka kwa macho Alhamisi ya kwanza. Wiki iliyofuata akanisemesha.

"We ni mugonjwa wa nini, na unacheka hivi?"

"Kichwa," nikamjibu.

"Ah. Inaonekana."

Ndivyo ilivyoanza, na sina cha kuongeza isipokuwa kwamba nilianza kuipenda Alhamisi hata kichwa kikiwa kizima. Tulikaa kwenye benchi lile mvua na jua, viatu vya mzee katikati yetu. Mwaka ulipogeuka akaniambia watu wa kwao wangekuja kwetu kuniomba.

Kuja kwetu halikuwa jambo dogo. Kutoka Musaga hadi Cibitoke ni kuupasua mji wote toka kusini hadi kaskazini, na siku zile kila mtaa ulikuwa na macho yake na kila barabara ilikuwa na askari wake. Mzee akafunga tai, akaja na ndugu zake wawili. Mama alikuwa ameagiza pombe ya mtama kwa mwanamke mmoja wa Mutakura aliyeijua kuipika, chungu kikubwa, chenye povu, na mirija mipya.

Msichana anayeombwa hakai sebuleni. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni na tundu langu la kuchungulia nikiwa nimelitafuta mapema. Baba mdogo ndiye aliyesema kwa niaba yetu, kama desturi inavyotaka, na upande wao alisema ndugu wa mzee. Baba yangu hakuwa na kazi ya kusema. Alikuwa na kazi moja tu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza. Anaweka mrija mdomoni, anavuta, anameza mbele ya wote, ndipo wageni wanainama. Hakuna anayeeleza kwa nini, maana mtoto mdogo anajua: humu ndani hamna sumu, kunyweni. Na katika miaka ile, ambapo watu waliosali pamoja walikuwa wameacha kula pamoja, lile funda moja la mwenye nyumba lilikuwa na uzito kuliko hotuba zote.

Tangu asubuhi baba alikuwa haeleweki. Alikuwa karani mstaafu, mtu wa shati lililonyooshwa na ndevu zinazonyolewa kila siku, anayeipenda sura yake bila kujificha. Siku hiyo alimwaga kahawa kifuani, akashika shavu la kushoto, akasema "Jino," na hakusema tena kitu. Nilidhani amenuna. Nilidhani hampendi mchumba wangu na hana ujasiri wa kutamka.

Chungu kikawekwa. Maneno yalikuwa yamekwenda vizuri, baba mdogo alikuwa amechekesha watu, na sasa wote wakamtazama baba. Akainama, akatia mrija mdomoni. Niliona mgongo wake ukijikaza. Akainua kichwa. Akaulaza mrija kando ya chungu, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akarudisha mkono shavuni.

"Kaka, tunakungoya," baba mdogo akasema, huku akilazimisha kicheko.

Baba akatikisa kichwa.

Nakumbuka povu likishuka kwenye chungu, vitundu vikipasuka kimoja kimoja. Wageni walikitazama chungu, kisha wakatazamana wao kwa wao. Mzee wa Musaga akaifikia fimbo yake.

"Basi sisi tuende," akasema, "kabla askari bafunge barabara. Mubaki na amani."

Angetukana ningepata nafuu. Aliaga kwa heshima zote, akainamisha kichwa kwa mama, akatoka, na nyuma yao kikabaki chungu kilichojaa hadi ukingoni. Nilitoka jikoni nikamfokea baba yangu, mimi ambaye sikuwahi kumpandishia sauti maishani. "Papa, kama haukumupenda ungesema! Ungesema na kinywa yako!" Aliingia chumbani, na mimi nikalia pale pale sebuleni, sikujali nani ananiona.

Kesho yake mchana, mama alipita kitandani alipolala baba akapiga ukelele ambao ulileta majirani mpaka uani. Baba alikuwa anakoroma, na jicho lake la kushoto lilikuwa wazi, linatazama dari.

"Mama weee! Papa wa batoto, jicho yako hailale!"

Ndipo tulipomwondoa mkono shavuni. Upande wote wa kushoto wa uso ulikuwa umeshuka. Mdomo ulikuwa umevutwa kulia, nyusi moja haipandi, na alipojaribu kutuambia ni kitu kidogo tu, mate yalimtoka upande ule asiweze kuyazuia. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na nikaona haya na hasira na huruma zote pamoja, nisijue nianze na ipi.

Hospitali walimwambia akunje paji la uso, afumbe macho, ainue mikono, atembee. Daktari akasema si kiharusi. Ni mshipa wa fahamu wa uso, umevimba, umeshindwa kupeleka habari. Wengi hupona, kwa majuma au kwa miezi, na wachache hubaki na alama. Akampa vidonge na dawa ya kutia jichoni lisikauke. Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema upepo wa ziwa, wengine mkono wa mtu, na shangazi mmoja akasema waziwazi kwamba nyumba inayofukuza wakwe huona mambo.

Neno hilo ndilo lililomwingia baba. Alituita mimi na mama, akafunga mlango, akasema kwa shida, akishikilia mdomo wake kwa vidole ili maneno yasimwagike.

"Mutu asijue. Bale ba Musaga basijue. Batasema tuliwafukuza na Mungu akatupiga kofi ile ile siku. Na kesho batasema bajukuu batazaliwa na uso ya kupinda."

"Lakini Papa, banafikiri ulibakatala!"

"Bafikiri."

Alikuwa radhi aitwe mtu mbaya kuliko aonekane uso wake. Hilo lilinichoma kuliko ugonjwa wenyewe. Ndoa yangu ilikuwa imefia pale kwenye chungu, na maneno machache tu yangeifufua, na maneno hayo nilikatazwa na mtu niliyempenda kuliko wote. Alhamisi iliyofuata mchumba wangu alikaa mwisho kabisa wa benchi.

"Papa yako anatuona aje?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema, na uso nikaukaza.

"Papa anasema, nyumba yenye mwenyewe haonje, yeye harudi. Alisema mara moja tu. Papa hasemake kitu mara mbili."

Nikahamia Jumanne. Sikuweza kukaa kwenye benchi lile tena, na zaidi ya hapo nilikuwa na mgonjwa mpya wa kumpeleka, ambaye hakupaswa kukutana na watu wa Alhamisi.

Baba alikwenda kama anayepelekwa mahakamani, kofia imeshushwa hadi puani. Daktari alimwambia yale yale ya hospitali, na kwamba asiache vidonge. "Uso hii inaweza pona yenyewe. Sindano inaweza saidia kidogo, inaweza kosa. Mi sijui. Tunajaribu." Baba, ambaye maisha yake yote alipenda watu wenye uhakika, alimtazama kwa jicho lake zima, kisha akavua kofia.

Alichomwa juu ya nyusi, kando ya mdomo, nyuma ya sikio, na ile ya kwenye mkono niliyoijua. Jicho lisilofumba liliwekewa pamba yenye maji. Nikiwa kwenye kitanda cha pili na sindano zangu nilisikia pumzi yake ikirefuka. Mwanga wa alasiri ulipita kwenye pazia ukawa wa kijani, na sauti za mji zilitufikia zikiwa zimelainika, honi, muuza mayai, mtu anaita mtu. Wakati mwingine sikujua kama nimelala au la. Niliota mara nyingi kwamba vitanda vyote vimeachia ukuta na vinatoka dirishani kimoja kimoja, kimya kimya, kuelekea kwenye maji, na sisi sote juu yake na sindano zetu, na hakuna anayeogopa. Nilipomweleza baba ndani ya basi tukirudi nyumbani, akaniambia yeye aliota anapiga mluzi. Kisha akageuza uso dirishani.

Kulikuwa na mazoezi pia. Kila asubuhi alitakiwa kujaza mashavu hewa, kutamka herufi za midomo, na kuvuta maji kwa mrija. Hili la mwisho alilifanya nyuma ya nyumba, ameelekea ukuta, karibu na maharage ya mama. Sisi tulijifanya hatujui. Nilikuwa nachambua mchele jikoni na nasikia hewa ikipenya kwenye pembe ya mdomo wake, fff, fff, kisha kimya, kisha anaanza tena. Mama aliacha kuchota maji saa hiyo ili ndoo isipige kelele.

Halafu mji ukafungwa. Siku kadhaa hakuna aliyetoka, maduka yamefungwa, basi dogo hakuna, na vilimani bunduki zinalia. Ulipofunguka, wagonjwa wote walikwenda siku ile ile, wa Jumatatu na wa Ijumaa, kila mtu na mgongo wake uliokakamaa kwa kujibanza chini ya meza. Chumba kilijaa. Daktari aliongeza vitanda katikati ya vitanda na mapazia mengine akayaondoa ili apite. Baba alipewa cha ukutani, akachomwa, akawekewa pamba macho yote mawili, na hakuchelewa kulala. Mimi nilikosa kitanda. Nilikaa kwenye kigoda kando yake.

Nilisikia fimbo kabla sijaona mtu.

Nilitaka kuvuta pazia, na pazia halikuwapo. Mwanawe alimsaidia kulala kwenye kitanda cha jirani, hatua moja kutoka kwetu, akaniona, akashtuka, akachukua viatu akatoka. Mzee alilazwa kifudifudi, kichwa kimegeukia upande wetu, macho amefumba. Daktari akampanga sindano kiunoni na nyuma ya magoti, akaenda kwa mwingine. Nikaomba Mungu huyu mzee alale haraka. Sijawahi kuomba kitu kwa moyo namna ile.

Akafumbua macho.

Alimtazama baba yangu. Uso wote ulikuwa mbele yake, mwanga wa dirisha juu yake, mdomo umekwenda kulia, sindano zimesimama kwenye shavu lile la kushoto ambalo siku ya kuja kwao lilikuwa limefunikwa na kiganja. Baba alikuwa anapumua kwa upande mmoja wa mdomo, pu, pu, kama mtoto. Mzee hakutikisika, na angewezaje. Mbali, juu vilimani, kitu kilidunda mara kadhaa, na hakuna aliyeamka.

"Ni papa yako?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Papa."

Akatazama tena.

"Tangu lini?"

Nilimwangalia baba. Nilikuwa nimemwahidi. Nilijua akisikia atanihesabu miongoni mwa waliomvua nguo hadharani. Lakini nilikuwa nampenda yule kijana aliyekaa nje na viatu, na nilikuwa nimechoka, na ulimi ulikwenda wenyewe.

"Tangu ile siku mulikuja. Ile ile asubuyi."

"Basi hakukatala."

"Apana, Papa. Alivuta. Pombe njo ilikatala kupanda."

Mzee akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha bila kuyafumbua akasema, "Usimuambie kama nilimuona," na baada ya muda akaanza kukoroma kweli. Nikakaa katikati yao, huku anapumua huyu, huku anakoroma yule, nikiwa na siri mbili mkononi na sina pa kuzitua.

Majuma yakapita bila neno. Jicho la baba likaanza kufumba, kwanza nusu, kisha karibu lote. Daktari alifurahi, lakini hakujisifu. Huenda sindano, akasema, huenda vidonge, huenda siku zenyewe. Mdomo ndio ulikuwa mkaidi. Baba aliweza kuvuta maji kidogo kama amebana midomo kwa vidole, na hata hivyo nusu ilirudi kifuani.

Siku moja shangazi wa mchumba wangu akaja na ujumbe: yule mzee wa Musaga anaomba kuja tena. Mama akapiga vigelegele palepale. Baba akasimama, akatoka nyuma ya nyumba, na sauti ile ya fff, fff ikaendelea mpaka giza likaingia. Hakuwa na raha hata kidogo. Mara hii asingekuwa na jino la kusingizia. Aliniambia, "Nikishindwa tena, mwana wangu, we utanisamehe?" Nikamnyooshea kola.

Walikuja wale wale watatu. Chungu kikatoka Mutakura tena, mirija mipya tena, na mimi nyuma ya pazia. Ndugu wa mzee walikaa ukingoni mwa viti kama watu walioletwa kwa nguvu. Maneno ya kusemwa yalisemwa kwa ufupi, kila mtu akijua yanaelekea wapi. Kisha chungu kikawa mbele yao.

Mkono wa baba ulikuwa shavuni. Mwingine ukaanza kuufikia mrija, niliuona kutoka jikoni. Ulikuwa haujafika bado mzee wa Musaga alipoegemea fimbo yake, akainama mbele ya chungu ambacho mwenyewe hajakigusa, akatia mrija mdomoni.

Ndugu yake alimshika kiwiko. Mzee akakitoa kiwiko bila kugeuka. Akavuta, funda moja, la pili, koo lake likipanda na kushuka. Nimeona watu wakifanya mambo ya ujasiri katika vita vile. Sijaona mwingine akijiweka mikononi mwa mtu kwa utulivu namna ile, katika nyumba iliyowahi kumwacha aondoke na kiu. Akainua kichwa akajipangusa mdomo.

"Munisamehe," akasema. "Mi mugongo inaniuma. Siwezi kungoya."

Baba akamtazama. Nikaona jambo likimwingia polepole, kwamba mgongo haujawahi kumzuia mtu kungoja funda moja, na kwamba mtu huyu anajua. Akageuza macho kwenye pazia la jikoni, mahali nilipokuwa. Nikafikiri, basi, nimekwisha. Kisha akaushusha mkono kutoka shavuni akauweka gotini, na uso wake ukabaki wazi mbele ya wakwe, mbele ya baba mdogo, mbele ya mirija na chungu.

"Mi ni kinywa," akasema. "Tangu ile siku."

Akabana midomo kwa vidole viwili, akainama, akavuta. Pombe ikapanda, ikamtoka pembeni, ikashuka kwenye shati lile jeupe alilolinyoosha mwenyewe asubuhi. Mama akanyanyuka kutafuta kitambaa. Mzee wa Musaga akamzuia kwa mkono, akauvuta mrija wake karibu na wa baba, na vichwa viwili vyenye mvi vikainama kwenye chungu kimoja.